Makovu ya Nuru

Mwaka 1965 mwanafizikia Milton Birnbaum alichapisha makala fupi katika jarida la fizikia tumizi la Marekani. Anwani ya makala hiyo haikuwa na mbwembwe: ilitaja uharibifu wa nyuso za vipitishi-nusu unaofanywa na leza za yakuti. Birnbaum alikuwa amepiga kwa nuru ya leza vipande vya gerimaniamu na vya maada nyingine za jamii hiyo, ambazo hupitisha umeme kwa kiasi tu, kisha akavitazama kwa hadubini. Pale nuru ilipoumiza, haikuumiza ovyo. Palikuwa na mistari iliyonyooka, iliyo sambamba, yenye nafasi sawa baina yake, mithili ya matuta ya shamba lililolimwa na mkulima mwenye jicho kali. Hakuna aliyeichora mistari hiyo. Mwali mmoja wa nuru, usio na mstari wowote ndani yake, uliangukia uso laini, na uso ukajiandika.

Kwa muda mrefu mistari ile ilihesabiwa kuwa dosari, jambo la kuandikwa katika orodha ya mambo ya kuepukwa. Leo mistari ya namna hiyo hutengenezwa makusudi, kwa leza ambazo pigo lake moja la nuru hudumu muda usiokamatika kwa fikra, na upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Historia ya leza hizo huelezwa aghalabu kama historia ya nguvu: nani alipata nuru kali kuliko mwenzake, na lini. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaacha kando jambo lenye uzito zaidi. Hatua kadhaa kubwa za ufundi huu zilianza na mtu aliyetazama kitu kilichoharibika, akakataa kukitupa kabla ya kukisoma.

Kiswahili kina kipimo chake cha muda mfupi: kufumba na kufumbua. Kwa hesabu ya saa, tendo hilo huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo, na katika sehemu hiyo ya kumi nuru huwa imesafiri kilomita 30,000, robo tatu ya mzingo wa dunia. Femtosekunde haimo katika kipimo hicho. Sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Katika femtosekunde 100, ambao ni muda wa kawaida wa pigo moja la leza hizi, nuru husogea mikromita 30 tu, chini ya unene wa unywele. Kwa hiyo pigo lenyewe si mwali mrefu ulionyooshwa kutoka kwenye chombo hadi ukutani, bali ni utando mwembamba wa nuru unaoruka peke yake hewani.

Ufupi huo wa muda ndio unaozaa udogo wa umbo. Nuru inapogusa chuma, elektroni ndizo zinazoipokea kwanza. Atomu hupashwa joto baadaye, elektroni zinapozigawia nishati, na kazi hiyo huchukua pikosekunde kadhaa, yaani maelfu ya femtosekunde. Pigo likiwa refu, joto hupata nafasi ya kusambaa: chuma huyeyuka pembezoni mwa tundu, hutiririka, kisha huganda na kuacha midomo iliyovimba. Pigo likiwa la femtosekunde, nuru huwa imekwisha kabla atomu hazijapata habari. Sehemu iliyopigwa huruka kama mvuke, na jirani yake hubaki karibu kama alivyokuwa.

Nadharia iliyohitajika ili kuieleza nuru ya namna hii ilitangulia chombo kwa miaka thelathini, na aliyeiandika alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Maria Göppert alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Kattowitz, uliokuwa wa Ujerumani wakati huo na ambao sasa ni Katowice ya Poland, akakulia Göttingen, alikosomea fizikia chini ya Max Born. Tasnifu yake ya udaktari ilikamilika mwaka 1930 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Hoja yake ilikuwa hii: atomu inayohitaji kiasi fulani cha nishati ili ipande ngazi moja haihitaji lazima fotoni moja yenye kiasi hicho chote. Yaweza kupokea fotoni mbili kwa mpigo, kila moja ikiwa na nusu. Uwezekano wa tukio hilo haukui sawasawa na mwanga; hukua kwa kipeo cha pili. Mwanga ukizidishwa mara mbili, matukio huzidi mara nne; ukizidishwa mara kumi, huzidi mara mia.

Hesabu ilikuwa safi, lakini hapakuwa na taa yoyote duniani iliyoweza kuithibitisha. Chini ya jua, fotoni mbili kuifikia atomu moja kwa wakati mmoja ni bahati adimu mno. Tasnifu ikawekwa kabatini. Mwandishi wake aliolewa na mwanakemia Joseph Mayer, akahamia naye Marekani, na kwa miaka mingi akafanya utafiti katika vyuo alikofundisha mumewe bila mshahara wa kuitwa mshahara, kwa kuwa kanuni za siku hizo zilikataza mke na mume kuajiriwa mahali pamoja. Uprofesa kamili wenye malipo aliupata mwaka 1960 huko San Diego, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1963 aliipata kwa kazi yake nyingine kabisa, ile ya matabaka ya kiini cha atomu.

Mwaka huo huo wa 1960, tarehe 16 Mei, katika maabara za kampuni ya Hughes huko Malibu, California, Theodore Maiman alifanikiwa kuwasha leza ya kwanza. Jarida alilolipelekea habari hiyo kwanza liliikataa. Ilitoka Agosti katika jarida la Uingereza la Nature. Moyo wa chombo chake ulikuwa kijiti cha yakuti nyekundu kilichozungushiwa taa ya kupigia picha. Hapa lugha ya Kiswahili inastahili kusikilizwa. Lugha za Ulaya zina majina mawili yasiyohusiana kwa kito chekundu na kito cha buluu, kana kwamba ni mawe mawili. Kiswahili, kwa kufuata Kiarabu, huviita vyote yakuti, kisha huongeza rangi: yakuti nyekundu, yakuti samawi. Kemia inakubaliana na Kiswahili. Vyote viwili ni oksidi ya alumini, na kinachovitofautisha ni chembe za uchafu tu. Kromu kidogo hukifanya kito kiwe chekundu. Jambo hili litarudi mbele, kwa sababu chombo kilichoufikisha ufundi huu mahali ulipo kilitengenezwa kwa yakuti pia.

Mwaka mmoja baada ya Maiman, Wolfgang Kaiser na Charles Garrett wa maabara za Bell walielekeza nuru nyekundu ya leza ya yakuti kwenye fuwele iliyotiwa europiamu. Fuwele ilitoa mwanga wa buluu. Fotoni ya buluu ina nishati kubwa kuliko ya nyekundu, kwa hiyo hapakuwa na maelezo mengine: atomu zilikuwa zikimeza fotoni nyekundu mbili mbili. Tasnifu ya Göttingen ilikuwa imepata ushahidi wake wa kwanza.

Wahandisi wa wakati huo hawakushughulishwa sana na habari hizo. Leza kwao ilikuwa moto mkali uliokosa kazi, na mzaha ulienea wa kupima nguvu yake kwa idadi ya nyembe za Gillette ambazo pigo moja lingeweza kuzitoboa. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa makala ya Birnbaum, kampuni ya Western Electric ilianza kutumia leza kutoboa almasi za kuvutia nyaya. Kazi ilikuwa halisi na faida ilikuwepo, lakini mapigo yalikuwa marefu na matundu yake yalikuwa na makovu yaliyoyeyuka. Kwa takriban miaka thelathini, kukata kwa leza kulimaanisha kuyeyusha.

Wakati huo huo mbio nyingine ziliendelea za kufupisha pigo. Katika maabara za Bell, kwa leza zilizotumia rangi zilizoyeyushwa katika kimiminika, muda ulishuka chini ya pikosekunde moja mwaka 1974, chini ya femtosekunde 100 mwaka 1981, hadi femtosekunde 6 mwaka 1987. Leza hizo zilikuwa na tabia ngumu. Kimiminika chake kilichakaa na kuchafua, na mtaalamu alitumia sehemu kubwa ya siku akizibembeleza. Ukombozi ulitoka kwenye yakuti. Mwaka 1982 Peter Moulton alionyesha kwamba oksidi ile ile ya alumini, ikitiwa titani badala ya kromu, hutoa leza yenye upana mkubwa wa rangi, na upana wa rangi ndio malighafi ya pigo fupi. Mwaka 1991 Wilson Sibbett na wenzake katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, wakaona leza ya yakuti hiyo ikitoa mapigo ya femtosekunde 60 yenyewe, bila kifaa cha kuyakatakata. Mara nyingi ilitosha kuigonga meza ili ianze. Kwa mapigo ya namna hiyo Ahmed Zewail, mwana wa Damanhur, Misri, alitazama molekuli zikivunjika na kuungana, akatunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1999; lakini yeye alitaka nuru itazame bila kuharibu, nayo ni hadithi nyingine.

Kubakia na pigo fupi peke yake hakukutosha. Lilihitaji kukuzwa, na hapo ndipo uharibifu uliporudi, safari hii ndani ya chombo chenyewe. Nishati kidogo ikibanwa katika muda mfupi mno huwa kali kupita kiasi. Ikipita katika kioo cha kukuzia, hukigeuza kioo kuwa lenzi. Lenzi hiyo huikusanya nuru. Nuru iliyokusanywa hukitoboa kioo. Leza hujiua. Dawa iliyojulikana ilikuwa kuupanua mwali na kutengeneza vioo vikubwa zaidi, mpaka vyombo vikafikia ukubwa wa majengo, na ni dola tajiri tu zilizoweza kuvigharimia.

Donna Strickland, mzaliwa wa Guelph, Kanada, alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, chini ya Mfaransa Gérard Mourou. Njia waliyoibuni wawili hao haikushindana na uharibifu; iliukwepa. Pigo fupi lilipitishwa kwanza katika uzi wa kioo wenye urefu wa kilomita 1.4. Ndani ya uzi rangi zake ziliachana, nyekundu zikitangulia na buluu zikifuata nyuma, hata pigo likarefuka na ukali wake ukapungua. Likiwa katika hali hiyo ya upole lilikuzwa bila kukidhuru kioo. Kisha likaelekezwa kwenye vibao viwili vyenye michirizo myembamba, ambavyo viliizungusha nyekundu njia ndefu na buluu njia fupi, mpaka zote zikafika pamoja. Wahandisi wa rada walikuwa wakifanya jambo kama hilo kwa mawimbi ya redio tangu zamani. Makala iliyotoka Desemba 1985 ilikuwa na kurasa tatu, na ilikuwa makala ya kwanza ya kisayansi ya Strickland. Pigo lao lilikuwa la pikosekunde 2 na nishati ya milijuli moja, ambayo haiwezi kulipasha tone la maji joto la kuhisika. Lakini milijuli hiyo, ikitolewa yote ndani ya pikosekunde 2, ni nguvu ya megawati 500 kwa muda wote inaodumu.

Nobel ilikuja miaka 33 baadaye, Oktoba 2018. Strickland alikuwa mwanamke wa tatu kuipata katika fizikia, baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Mei ya mwaka huo huo wa 2018, wahariri wa Wikipedia walikuwa wameikataa rasimu ya makala juu yake kwa hoja kwamba vyanzo vilivyotolewa havikuonyesha umaarufu wa kutosha. Ulimwengu wa elimu una desturi ndefu ya kutoona.

Mourou alihamia Chuo Kikuu cha Michigan, na huko swali la uharibifu likageuzwa kichwa chini miguu juu. Badala ya kuuliza namna ya kuuzuia, kundi lake liliuliza unaanzia wapi hasa. Mwaka 1994 walichapisha vipimo vya kuvunjika kwa kioo kwa mapigo ya nanosekunde 7 hadi femtosekunde 150. Kwa mapigo marefu, kuvunjika kulikuwa kama bahati nasibu: ukali ule ule ulitoboa hapa na kushindwa pale, kwa sababu kila kitu kilitegemea kama palikuwa na elektroni moja huru ya kuanzishia moto. Kwa mapigo mafupi bahati iliondoka. Nuru ilikuwa kali kiasi cha kung'oa elektroni zake yenyewe, kwa kuzirundikia fotoni nyingi kwa pamoja, kwa njia ambayo tasnifu ya 1931 iliifungulia mlango. Chini ya ukali fulani hapakutokea kitu. Juu yake kioo kilivunjika, kila mara.

Ukomo huo mkali ndio siri ya udogo. Ernst Abbe alionyesha tangu mwaka 1873 kwamba nuru haiwezi kukusanywa katika doa dogo kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, na kanuni hiyo haijatenguliwa. Lakini doa la nuru si bapa. Ni kilima, kikali katikati na dhaifu pembeni. Aliyekulia pwani na auwaze mwamba wa matumbawe wakati maji yanajaa. Chini mwamba ni mpana, lakini kadiri maji yanavyopanda, kinachobaki juu ni ncha tu, na muda mfupi kabla ya kuzama ncha hiyo haitoshi hata ndege mmoja kutua. Ukomo wa kuvunjika ni usawa wa maji. Fundi akiipunguza leza mpaka ncha tu ya kilima chake ivuke ukomo, kovu litakalobaki litakuwa dogo kuliko doa la nuru lililolifanya. Kanuni ya Abbe imebaki salama, na kazi imefanyika.

Katika maabara hizo za Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akirekebisha vioo alipigwa jichoni na mwali. Daktari kijana aliyemchunguza, Ron Kurtz, alishangazwa na majeraha aliyoyaona kwenye retina: yalikuwa madogo, na mviringo wake ulikuwa kamili, tofauti na kuungua kwa leza alikokuzoea. Angeweza kuandika cheti na kuita mgonjwa mwingine. Badala yake aliuliza ni leza ya namna gani inayojeruhi kwa unadhifu hivyo, akaenda kuiona. Kutokana na swali hilo ulizaliwa upasuaji wa jicho usiotumia kisu, ambao sasa umefanyiwa mamilioni ya watu. Mwanafunzi hakupoteza uwezo wake wa kuona.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1996 kundi la Eric Mazur wa Harvard lilionyesha kwamba pigo la femtosekunde likikusanywa ndani ya kioo, hupita usoni bila kugusa kitu na kulipuka katikati, likiacha uwazi wenye upana wa mamia machache ya nanomita. Mwaka huo huo watafiti wa Japani chini ya Kazuyuki Hirao walichora ndani ya kioo njia za kupitishia nuru, kama mtu anayechora kwa kalamu ndani ya kipande cha barafu bila kukipasua. Mazur na wanafunzi wake walipiga pia silikoni katika gesi yenye salfa, wakaitoa ikiwa nyeusi tititi. Chini ya hadubini ilikuwa msitu wa miiba, na msitu huo ulimeza hata nuru ambayo silikoni ya kawaida huiachia ipite.

Osaka walichagua kujenga badala ya kuvunja. Upo utomvu wa kimaabara ambao huganda ukipigwa na nuru ya urujuanimno. Shoji Maruo, Osamu Nakamura na Satoshi Kawata, katika makala ya mwaka 1997, waliupiga kwa nuru karibu na nyekundu, ambayo utomvu haiijali hata kidogo, isipokuwa mahali pamoja: pale miali inapokutana na kuwa kali kiasi kwamba fotoni mbili humezwa kama moja. Hapo tu utomvu huganda. Fundi akikisogeza kituo hicho juu, chini na pembeni, umbo hujengeka ndani ya kimiminika, na kimiminika kilichobaki huoshwa. Mwaka 2001 Kawata na wenzake walichapisha katika Nature picha ya fahali mwenye urefu wa mikromita 10 na kimo cha mikromita 7, karibu ukubwa wa chembe nyekundu ya damu, mwenye pembe na misuli. Leza yao ilikuwa na wimbi la nanomita 780. Umbo lao lilikuwa na undani wa nanomita 120. Waligundua pia kwamba hapakuwa na haja ya kumgandisha fahali mzima. Waligandisha ngozi yake tu, na kazi ya saa tatu ikafanyika kwa dakika 13.

Fahali alipata sifa zote, na picha yake imezunguka dunia. Walakini jambo kubwa zaidi lilikuwa likitokea katika kioo kisicho na umbo lolote la kupendeza. Mwaka 1999 Peter Kazansky wa Southampton, Uingereza, pamoja na kundi la Hirao, walitoa taarifa ya ajabu ndogo. Kioo kilichopigwa kwa leza ya femtosekunde kilikuwa kikitawanya nuru bila usawa, kwa mchoro wa mapanga mawili ya pangaboi, na pangaboi hilo liligeuka kila mwelekeo wa mtetemo wa nuru ulipogeuzwa. Hapakuwa na sababu ya kioo, ambacho hakina mpangilio wa ndani, kupendelea upande mmoja. Jibu lilipatikana mwaka 2003, Yasuhiko Shimotsuma na wenzake walipokikata kioo na kukitazama kwa hadubini ya elektroni. Ndani ya jeraha mlikuwa na mistari. Ilikuwa imenyooka, sambamba, yenye nafasi sawa, mipana kiasi cha nanomita 20 tu, na ililala kimraba na mtetemo wa nuru.

Mistari ya Birnbaum ilikuwa imerudi, safari hii ndani ya kioo na kwa udogo ambao hadubini yake isingeweza kuuona. Ile ya juu ya uso ilikuwa imekwisha kupata nadharia yake: mwaka 1983 John Sipe na wenzake wa Toronto walieleza kwamba nuru inayofika hukutana na nuru iliyotawanywa na mikwaruzo ya uso, na mawimbi hayo mawili yanaposigana huacha alama ya ugomvi wao. Ya ndani ya kioo haijakubali maelezo mepesi hivyo. Wataalamu bado wanabishana juu ya chanzo chake. Mafundi hawakungoja. Huko Rochester, mji ule ule wa Strickland, Chunlei Guo alitumia maumbo ya jamii hiyo kuvigeuza vyuma viwe vyeusi, kisha mwaka 2008 kuvipa rangi bila tone la rangi.

Southampton walitumia mistari ya ndani kuandika. Kila kidoa katika kioo kina mahali pake pa pande tatu; mistari iliyomo ina mwelekeo, na ina nguvu inayoweza kupimwa. Hivyo kidoa kimoja hubeba taarifa kwa namna tano. Mwaka 2013 walihifadhi faili moja dogo la maandishi. Mwaka 2016 walitangaza kwamba Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, kitabu cha Newton juu ya nuru, Magna Carta na Biblia ya Kiingereza vilikuwa vimeandikwa katika vipande vya kioo. Takwimu zilizotolewa ni za kushangaza: terabaiti 360 katika sahani moja, na maisha ya miaka bilioni 13.8 katika joto la nyuzi 190 za selsiasi. Zinafaa kusomwa kwa utulivu. Ya kwanza ni uwezo uliokokotolewa. Ya pili imepatikana kwa kupasha kioo joto kali kwa muda mfupi na kukisia mbele. Kikwazo cha kweli kimekuwa mwendo wa kuandika, kwa sababu nuru hii hufanya kazi yake nukta kwa nukta. Hata hivyo wenye fedha wamelitia jambo hili maanani: mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilionyesha filamu nzima ya mwaka 1978, Superman, ikiwa ndani ya kibao cha kioo cha milimita 75 kwa 75.

Kudumu kwa maandishi na kudumu kwa wasomaji ni mambo mawili. Wanaoshughulikia miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, iliyohifadhiwa Dar es Salaam na London, wanalijua hilo kuliko wahandisi: hata pale karatasi iliponusurika na mchwa na unyevu, walioweza kuisoma bila kusitasita wamekuwa wakipungua, na shairi lililo salama kabatini huweza kuwa bubu. Kazansky na wenzake nao walikutana na swali hilo mwaka 2024, walipoandika jenomu yote ya binadamu katika kioo kimoja. Nani atakayekisoma, na kwa lugha gani? Hawakutumia lugha. Juu ya kioo walichora ufunguo wa picha: atomu za haidrojeni, oksijeni, kaboni na nitrojeni, besi nne za DNA, na namna zinavyojipanga.

Kioo hicho kimewekwa katika hifadhi iliyo ndani ya mlima wa chumvi huko Hallstatt, Austria. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kwa macho matupu sehemu iliyoandikwa yaweza kudhaniwa kuwa dosari ya kioo.